Saa Haitambui Cheo: Kijana Muogeleaji na Vyuo vya Marekani

Swali lenyewe ni fupi. Kijana yuko sekondari, anaogelea vizuri, amekwisha leta nyumbani medali kadha wa kadha, na mzazi wake, awe koplo kambini au inspekta kituoni, ameambiwa kwamba vyuo vikuu vya Marekani huwasomesha waogeleaji bure. Je, kasi ya mtoto inatosha? Twaona yafaa swali hili lijibiwe kwa kirefu na bila kupakana mafuta, maana wamekwisha tokea mawakala ambao hulijibu kwa neno moja tu, nalo ni "ndiyo", kisha wakataja malipo yao. Askari anayeuza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya neno hilo anastahili kujua kwanza jinsi mambo yanavyokwenda huko ng'ambo.

Jambo la kwanza ni kwamba Wamarekani hawatumii kipimo chetu. Mashindano ya shule na vyuo vyao hufanyika katika bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86, ilhali ulimwengu mzima huogelea katika mabwawa ya mita 25 au mita 50, na Olimpiki ni ya mita 50 peke yake. Kwa hiyo baba akisikia kwamba kijana fulani wa Texas ameogelea 100 kwa sekunde 46, asitoke mbio kumlaumu mwanawe aliyetumia sekunde 53. Yadi 100 ni fupi kuliko mita 100 kwa mita nane na ushei. Tena katika yadi 100 muogeleaji hugeuka ukutani mara tatu, na kila anapogeuka huusukuma ukuta kwa miguu na kusafiri chini ya maji, ambako sheria humruhusu kwenda hadi mita 15; katika bwawa la mita 50 hugeuka mara moja tu. Ukuta ni rafiki wa mwenye miguu yenye nguvu. Kwa makadirio ya wajuzi, sekunde 55 za mita 100 katika bwawa refu hukaribia sekunde 48 za yadi, na sekunde 50 hukaribia 44. Makadirio hayo si hati ya mahakama, lakini walimu wa vyuo huyatumia kila siku.

Sasa tuje kwenye kasi yenyewe. Michezo ya vyuo husimamiwa zaidi na chama kinachojulikana kwa herufi NCAA, ambacho kimevigawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ndilo la vyuo vikubwa vyenye majina. Tukichukua yadi 100 za mtindo huru kuwa mfano, kijana wa kiume mwenye sekunde 43 au 44 atatafutwa na vyuo vyenye nguvu bila kubisha hodi. Mwenye 45 au 46 anaweza kupata nafasi katika ligi za kati za daraja hilo hilo. Mwenye 47 au 48 atazamie vyuo vya chini vya daraja la kwanza, au vyuo vya daraja la pili na la tatu. Kwa msichana, 48 au 49 ni kasi ya vyuo vikubwa, 50 au 51 ni ya ligi za kati, na kutoka 52 hadi 54 milango ya vyuo vidogo ingali wazi. Mipaka hii si ya chuma; mwalimu mmoja hutofautiana na mwenziwe, na mwaka hutofautiana na mwaka. Lakini mzazi akiwa na kasi ya mwanawe mkononi, ataweza kumtambua wakala anayesema kweli na anayebabaisha.

Ili msomaji aone kilele kiko wapi, mwezi Machi 2018 Caeleb Dressel wa Chuo Kikuu cha Florida aliogelea yadi 100 kwa sekunde 39.90, na akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 40. Kati ya bingwa huyo na kijana wa 47 kuna sekunde saba. Barabarani, sekunde saba ni muda wa kufunga kamba za buti. Majini ni maisha mengine kabisa.

Lakini mwalimu wa chuo haulizi kama kijana ana kasi tu. Huuliza: ana kasi kuliko nani? Kila chuo kimo katika ligi, na mwishoni mwa majira ya baridi ligi huwa na mashindano yake makuu, ambapo alama hupewa wale wanaoingia katika nafasi 16 za kwanza, na katika ligi nyingi 24. Mwalimu hufungua matokeo ya mwaka uliopita, akaona mtu wa 16 alitumia muda gani, kisha akaulinganisha na muda wa kijana anayemwandikia. Kijana akiingia katika orodha hiyo leo, kabla hata hajafika chuoni, anatakiwa. Akikaribia, anafikiriwa. Akiwa mbali, hupewa jibu la adabu ambalo halina kitu ndani yake. Ndiyo maana muda ule ule waweza kuwa dhahabu katika chuo kimoja na mchanga katika chuo kingine. Matokeo hayo hayakufichwa. Mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuyatazama mwenyewe, na saa moja ya kazi hiyo itamfaa kuliko mawakala wawili.

Wasomaji wetu wanaofahamu mambo ya kuandikisha kuruta wataona kwamba hapa kuna tofauti. Jeshini hutazamwa kwanza kama mtu amefikia kiwango, akifikia, amefaulu. Bwawani hakuna kiwango kilichoandikwa ukutani. Kuna pengo katika kikosi, na anatafutwa wa kuliziba. Mwalimu ambaye waogeleaji wake watatu wa mtindo wa chali wanamaliza masomo mwaka ujao atamchukua mwogelea chali wa kadiri, na kumwacha mwogelea kipepeo aliye bora zaidi. Mzazi asiyejua hili hudhani mtoto wake ameonewa.

Kuna kosa jingine ambalo twaliona sana hapa kwetu. Watoto wetu wengi hushindana katika mita 50, za chali, za kipepeo na kadhalika, na medali zao nyingi ni za masafa hayo. Katika ubingwa wa vyuo vya Marekani, masafa ya 50 yanayoogelewa na mtu mmoja mmoja ni ya mtindo huru peke yake. Mitindo mingine huanzia 100 na 200, na mtindo huru huendelea mpaka yadi 500 na yadi 1,650. Isitoshe, muogeleaji huruhusiwa kuingia mashindano matatu ya mtu mmoja katika ubingwa huo, pamoja na yale ya kupokezana. Mwalimu humtaka mtu atakayeleta alama mara tatu. Bingwa wa mita 50 za kipepeo asiye na 100 wala 200 yenye maana ni kama mpiga shabaha mwenye risasi moja.

SHERIA MPYA YA 2025

Mpaka hapa tumesema yale ambayo mzazi angaliweza kuambiwa hata miaka kumi iliyopita. Lakini mambo yamegeuka, na hii ndiyo sababu tumeona tuliandike jambo hili sasa.

Hapo zamani sheria za NCAA ziliweka kikomo cha ufadhili. Katika daraja la kwanza, kikosi cha wanaume cha kuogelea na kupiga mbizi kilikuwa na fungu la ufadhili 9.9, na cha wanawake 14. Tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na sheria ya mwaka 1972 inayotaka wanawake wapate nafasi sawa za michezo. Kwa vile mpira wa miguu wa Kimarekani hula nafasi nyingi za wanaume, fidia ilitafutwa katika michezo mingine. Fungu hilo la 9.9 liligawanywa kwa watu 25, 30 au zaidi. Kwa hiyo yule aliyerudi nyumbani akajisifu kwamba mwanawe "amepata skolashipu ya kuogelea", mara nyingi mwanawe alikuwa amepata robo ya gharama, au chini ya hapo, na baba akalipa iliyobaki. Neno hilo "bure" lilikuwa geni hata kwa Wamarekani wenyewe.

Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha maafikiano ya kesi iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, kesi inayoitwa kwa jina la muogeleaji Grant House, aliyesoma Chuo Kikuu cha Arizona State. Wanamichezo wa zamani walikubaliwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8. Kuanzia Julai 2025 vyuo vilivyoingia katika mpango huo vikaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao sehemu ya mapato, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Na kikomo cha ufadhili kikaondolewa. Mahali pake kikawekwa kikomo cha watu. Kikosi cha kuogelea na kupiga mbizi kisizidi watu 30.

Mtu akisoma haraka atasema hii ni habari njema: chuo sasa kinaweza kuwafadhili wote 30. Kinaweza, naam. Lakini fedha za kugawana huenda kwanza kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa kikapu, michezo inayojaza viwanja na kuuza matangazo ya televisheni. Kuogelea hakuuzi kitu. Mwezi Machi 2025, kabla hata jaji hajatia saini, chuo cha Cal Poly kule California kilivunja vikosi vyake vyote viwili vya kuogelea, cha wanaume na cha wanawake, kikitaja gharama zinazokuja na maafikiano hayo. Wala si jambo jipya kabisa. UCLA, chuo chenye jina kubwa duniani, kilikwisha uondoa mchezo huo kwa wanaume mwaka 1994, na Iowa kikafanya hivyo mwaka 2020.

Anayeumia zaidi katika kikomo cha watu 30 ni kijana wa kati na kati. Zamani vikosi vingine vilikuwa na watu 35 au 40, na wale wa mwisho walipokelewa bila senti moja, wakafanya mazoezi na wenzao, na baadhi yao baada ya miaka miwili wakawa nguzo za timu. Nafasi hizo ndizo zilizofyekwa kwanza. Pamoja na hayo, sheria za kuhama chuo zimelegezwa, hata mwanafunzi wa miaka 20 aweza kuhama na kuogelea mwaka huo huo. Jiweke mahali pa mwalimu: una nafasi moja, na mbele yako yuko mtoto wa sekondari mwenye 45.5 na matumaini, na mtu mzima mwenye 44.2 aliyekwisha kuleta alama katika ligi. Utamchukua nani? Twaamini kwamba hii ndiyo athari kubwa ya sheria mpya kwa kijana wa sekondari, Mmarekani au mgeni: muda uliotosha mwaka 2020 hautoshi sasa katika chuo kile kile.

Hata hivyo, mlango mmoja ukibana, mwingine hubaki kama ulivyokuwa. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, wala havikuguswa na maafikiano hayo. Hutoa msaada kwa kutazama masomo na uwezo wa familia. Vyuo vinane vya kundi la Ivy, Harvard na Yale vikiwamo, navyo havitoi ufadhili wa michezo, na vilikataa kuingia katika mpango. Kwa kijana mwenye akili darasani na muda wa kadiri bwawani, hesabu za fizikia na kemia zaweza kumpatia fedha nyingi kuliko mikono yake. Kwa sababu gani mawakala hawalisemi hili? Kwa sababu hapo hapana kazi ya wakala.

WALIOPITA NJIA HIYO

Afrika imekwisha kuona matunda ya njia hii. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alikuwa angali mwanafunzi wa sekondari alipofika nusu fainali katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na mwaka 2004 huko Athens akatwaa dhahabu, fedha na shaba. Mwezi Machi 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Jirani yetu Kenya alimtoa Jason Dunford, aliyesoma Stanford. Katika mchujo wa mita 100 za kipepeo huko Beijing mwaka 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14, ingawa haikudumu hata saa moja, na katika fainali akawa wa tano. Mwaka 2010 akapata dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Wala nchi ndogo si kikwazo: Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman, aliyesoma Chuo Kikuu cha Tennessee, mwezi Desemba 2024 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 50 katika bwawa fupi chini ya sekunde 20.

Kuna mfano mmoja ambao askari watauelewa upesi. Singapore huwataka vijana wote wa kiume watumikie jeshi la taifa. Joseph Schooling aliahirishiwa utumishi huo ili aendelee na mazoezi, akaenda Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 2016 huko Rio akamshinda Michael Phelps katika mita 100 za kipepeo kwa sekunde 50.39. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yake. Mapema mwaka 2022 aliripoti kambini kama kijana mwingine yeyote. Serikali ilingoja, naye hakukimbia deni.

Tukiwa katika habari za jeshi, inashangaza kwamba vyuo vya kijeshi vya Marekani husahauliwa katika mazungumzo haya. West Point cha jeshi la nchi kavu, Annapolis cha jeshi la majini, na kile cha jeshi la anga kilichoko Colorado Springs, vyote vina vikosi vya kuogelea vya daraja la kwanza. Hapo hapana ufadhili wa kuogelea, kwa kuwa kila mwanafunzi husomeshwa na serikali na kupewa posho ya mwezi; mwisho wa miaka minne huwa ofisa na kutumikia kwa miaka isiyopungua mitano. Mwalimu wa kuogelea anaweza kumpendekeza kijana, lakini hawezi kumwingiza. Mmarekani hana budi kuteuliwa, mara nyingi na mbunge au seneta wa kwao, apimwe afya, ajaribiwe nguvu za mwili, na asiwe na mke au mume. Annapolis kila mwanafunzi hufundishwa kuogelea, awe mwanamichezo au asiwe, na huruka majini kutoka jukwaa la mita 10, kama mtu anayeiacha meli inayozama. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, tunaokumbuka MV Bukoba ya Mei 1996, hatuhitaji kuelezwa maana ya zoezi hilo.

Vyuo hivyo hupokea pia wageni. Sheria ya Marekani inaruhusu wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika kila chuo, wakiletwa na serikali zao, na wakimaliza hurejea katika majeshi yao. Hapo kijana haombi kupitia kwa wakala bali kupitia serikali yake na ubalozi, na kasi ya bwawani ni nyongeza tu.

KAZI YA MZAZI

Mzazi asikubali muda uliopimwa kwa saa ya mkono. Mwalimu wa chuo huuamini muda wa mitambo, uliopatikana katika mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la taifa na la dunia. Mashindano mawili ya namna hiyo kwa mwaka yana thamani kuliko medali ishirini za shule. Aangalie pia mwendo wa maendeleo. Kijana aliyetoka 51 akafika 49, kisha 47 katika miaka miwili, mara nyingi hupendwa kuliko aliyefika 46 akiwa na miaka 15 na kusimama hapo, kwa sababu mwalimu hununua miaka minne ijayo, si mwaka uliopita.

Masomo yasiachwe nyuma. Daraja la kwanza hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao. Mtihani wa SAT haudaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe chaweza kuutaka. Kijana asikae nyumbani miaka mitatu baada ya sekondari "akijiandaa", maana sheria huanza kumhesabia siku. Na habari za viza zifuatwe kwa makini: mwezi Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vilivyowagusa hata wanafunzi kutoka kwa jirani zetu wa Burundi, na mambo hayo hubadilika kwa tangazo moja.

Kuhusu wakati wa kuandika, walimu wa daraja la kwanza huruhusiwa kuanza kuzungumza na kijana kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili katika sekondari ya Kimarekani, yenye miaka minne. Yaani akiwa na miaka 16 hivi. Lakini kijana mwenyewe anaweza kuwaandikia wakati wowote. Léon Marchand wa Ufaransa, aliyetwaa dhahabu nne katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alifika Arizona State kwa sababu alimwandikia mwenyewe kwa barua pepe Bob Bowman, aliyekuwa mwalimu wa Phelps. Barua ya namna hiyo haihitaji maneno mengi: jina, mwaka wa kumaliza shule, mitindo na masafa, muda wa kila moja na aina ya bwawa, urefu wa mwili, alama za darasani, na anwani ambako matokeo yanaweza kuthibitishwa. Iandikwe na kijana, si na baba yake, na ipelekwe kwa vyuo ambavyo nafasi yao ya 16 imekwisha tazamwa.